Nani Aliyeipiga Picha Hii?

Mwalimu huyo hufundisha fizikia katika shule moja ya bweni nje kidogo ya mji wa Nanyuki, si mbali na pale ambapo barabara inaukata mstari wa ikweta na watalii husimama kujipiga picha kando ya bango. Kwa miaka kumi na mmoja sasa, kila usiku usio na mwezi ambapo mawingu ya Mlima Kenya yamemstahi, hubeba darubini yake hadi kiwanja kilicho nyuma ya mabweni. Huvaa makoti mawili, huweka betri ya gari chini ya meza, hufunika tochi kwa karatasi nyekundu ili nuru isimharibie macho, kisha huanza kazi ambayo mkewe huiita ulevi usio na pombe. Mlinzi wa shule, mzee aliyechunga ng'ombe ujanani mwake, huja kuketi naye. Mzee huyo hajapata kuchungulia ndani ya darubini zaidi ya mara mbili, lakini ndiye aliyewafunza wanafunzi kukitambua Kilimia bila kuonyeshwa kwa kidole.

Mwezi na sayari mwalimu alikwisha kuziacha. Siku hizi huwinda vitu vya mbali, vile ambavyo jicho huviona kama ukungu au halivioni kabisa: nebula, vishada vya nyota na galaksi. Nuru ya vitu hivyo ni haba mno, hivi kwamba kamera hulazimika kuachwa wazi kwa dakika kadhaa, tendo hilo likarudiwa mara hamsini au mia, kisha picha zote zikalimbikizwa na tarakilishi ziwe moja. Na kwa kuwa dunia haitulii, darubini nayo haina budi kuzungushwa na mota ikizifuata nyota kwa mwendo ule ule. Ikikosea kiasi cha unywele, nyota huwa vijiti.

Hapo ndipo ikweta inapomtesa. Mhimili wa kiegemeo cha darubini sharti uwe sambamba na mhimili wa dunia. Kwa mtu aliye Ulaya jambo hilo ni jepesi: huuelekeza mhimili kwenye nyota ya kaskazini iliyo juu angani, akakaza parafujo na kuanza kazi. Nanyuki nyota hiyo imelala kwenye upeo wa macho, ndani ya vumbi na vilima, haionekani. Mhimili wenyewe hauna budi kulazwa karibu sawasawa na ardhi, na viegemeo vingi havikuundwa kwa ajili ya watu wa ikweta; parafujo hufika mwisho kabla ya pembe kupatikana, na ule uzani wa kuisawazisha darubini hugonga mguu wa kiegemeo. Mwalimu huweka matofali chini ya mguu mmoja ili kiegemeo chote kiiname. Halafu huchagua nyota, huitazama kati ya nyuzi mbili zilizopishana ndani ya lenzi, huona inavyoteleza polepole kuelekea kaskazini au kusini, hurekebisha, hutazama tena. Kazi hiyo hula saa nzima. Mwanafunzi akijikwaa kwenye matofali, huanza upya.

Usiku mmoja wa Februari yeye na wanachama tisa wa chama cha falaki cha shule waliamua kuipiga picha nebula ya Mkuku, iliyo upande wa kusini karibu na Salibu, umbali wa takriban miaka ya nuru 7,500. Walipata picha 41 za dakika mbili mbili. Kumi na saba zilitupwa kwa sababu nyota zilikuwa zimeburutwa. Kisha umande ukaifunika lenzi yenye upana wa milimita 80, na hakuna aliyegundua hadi nusu saa ilipopita. Zilizobaki zilipolimbikizwa, palitokea wingu jekundu lenye ufa mweusi katikati, pembe zake zikiwa na ukungu, nyota za upande wa kushoto zikiwa ndefu kidogo. Wanafunzi waliishangilia kana kwamba shule imeshinda taji la mkoa.

Wiki hiyo hiyo binamu yake mwalimu, mhasibu akaaye katika jengo la ghorofa jijini Nairobi, alimtumia picha ya nebula iyo hiyo kwa rununu. Haikuhitaji kulinganishwa. Nyota zilikuwa vitone vya sindano. Ndani ya ule ufa mweusi mlikuwa na nyuzi, minara na mapango ambayo picha ya Nanyuki haikuyadokeza hata kidogo. Binamu hakuwa amevaa koti. Hukodi saa za darubini iliyo katika bonde la Río Hurtado nchini Chile, yenye kioo cha upana wa nusu mita, chini ya anga ambayo wanafalaki wa dunia nzima huionea wivu. Huandika katika tarakilishi jina la kitu anachokitaka, vichujio na muda, hulipa kwa kadi, hulala. Kwa kuwa saa sita ya usiku kule mwezi wa Februari ni saa kumi na mbili ya alfajiri hapa, picha zake hupigwa akiwa anakunywa chai, na nyingine akiwa amebanwa dirishani mwa matatu, jua la Nairobi likimpiga usoni.

"Ndugu yangu," alimwambia mwalimu walipokutana kwenye mahari ya mpwa wao, "wewe unapiga picha au unapigana na umande?"

"Mimi nilikuwapo," mwalimu alijibu.

"Darubini ya James Webb iko kilomita milioni moja na nusu kutoka hapa tulipoketi. Nani yuko kule ameishika? Na mbona hakuna anayesema picha zake si za mtu?"

Mwalimu hakuwa na jibu. Si ajabu basi kwamba suala hilo lilimfuata hadi shuleni, kwani chama kilikuwa kimechangiwa na wazazi shilingi 64,000 na ilibidi iamuliwe zitumike vipi. Kiegemeo bora, au saa za Chile? Aliwaonyesha wanafunzi picha zote mbili ukutani, moja kando ya nyingine. Kimya kilitanda. Walioshangilia mwezi uliopita waliona haya, na hilo lilimuuma kuliko maneno ya binamuye. Ndipo msichana mmoja wa kidato cha tatu alipoinua mkono na kuielekezea ile ya Chile.

"Mwalimu, hii imepigwa na nani?"

Darasa lilicheka, maana jina la binamu lilikuwa limetajwa. Lakini msichana hakuwa anatania. Alitaka kujua kama ni aliyelipa, au fundi aliyeisimika darubini, au aliyeandika programu inayoielekeza, au ni tarakilishi yenyewe. Maana aliambiwa kwamba wakodishaji wengine huuza picha ghafi zile zile kwa watu mia, kila mmoja akazipika kwa rangi zake na kutia jina lake.

Msomaji aliyepitia somo la fasihi simulizi atalitambua swali hilo papo hapo. Ngano iliyosimuliwa na bibi kizee, ikarekodiwa na mtafiti, ikanakiliwa na mwingine na kuhaririwa na mwingine tena, ni ya nani? Muhamadi Kijuma wa Lamu aliwanakilia wataalamu wa Ulaya tenzi nyingi kwa mkono wake, nyingine zikisafiri kwa meli hadi Uingereza, zikasomwa na watu waliokuwa mbali kabisa na baraza zilikokaririwa. Hakuna anayethubutu kusema kwamba wasomaji hao hawakujifunza kitu. Lakini pia hakuna mwanafunzi wa fasihi simulizi ambaye hajaambiwa aende nyanjani, akae na hadhira, asikie kikohozi na kicheko. Jibu la kwa nini aende huwa limeandikwa vizuri katika vitabu vya mbinu za utafiti, na aghalabu huaminiwa na wale tu waliokwisha kwenda.

Mwalimu, kwa upande wake, alikuwa na Barnard.

Edward Emerson Barnard alizaliwa Nashville, Marekani, mwaka 1857, baba yake akiwa amekwisha kufariki. Umaskini wa nyumba yao ulikuwa wa kutisha. Shuleni alikaa miezi miwili hivi tu. Alipokuwa na umri wa miaka tisa aliajiriwa katika duka la mpigapicha. Enzi hizo picha zilikuzwa kwa nuru ya jua, kwa mtambo mkubwa uliokaa juu ya paa, na kazi ya mtoto huyo ilikuwa kuzungusha magurudumu kwa mkono mchana kutwa ili mtambo usiliache jua. Yaani kabla hajajua nyota ni nini, mikono yake ilikwisha kufunzwa kuifuata anga. Mwaka 1877 alinunua darubini kwa dola 380, sehemu kubwa ya mshahara wake wa mwaka mzima. Akagundua nyotamkia moja baada ya nyingine, na zawadi za dola mia mbili zilizotolewa kwa kila ugunduzi zikamsaidia kujenga nyumba.

Mwaka 1889, akiwa katika kituo cha Lick juu ya Mlima Hamilton, California, aliifunga kwenye darubini lenzi kuukuu iliyokuwa imetengenezwa kwa ajili ya kupiga picha za watu, akaielekeza kwenye Njia Nyeupe. Mota za wakati huo hazikuaminika. Ilimbidi aliweke jicho kwenye darubini ya kando kwa saa kadhaa mfululizo, akiishikilia nyota moja katikati ya nyuzi kwa kuzungusha parafujo polepole, huku bamba la kioo likiinywa nuru gizani. Kupiga chafya kuliweza kuuharibu usiku mzima. Baadaye, mwaka 1905, alikwenda na darubini ya Bruce hadi Mlima Wilson, akapiga sehemu kubwa ya picha zilizokuja kuwa atlasi yake ya Njia Nyeupe. Atlasi hiyo ilitoka mwaka 1927, miaka minne baada ya kifo chake. Kabla ya kufa alikuwa amezikagua mwenyewe picha zote 35,700 zilizochapwa ili kubandikwa katika nakala 700, moja baada ya moja.

Katika picha hizo mlikuwa na jambo lililomkosesha raha: madoa meusi, mahali ambapo nyota zilikoma ghafla kana kwamba anga imetobolewa. Wengi waliamini kuwa ni matundu, njia tupu za kutazamia nje ya bahari ya nyota. Barnard mwenyewe alisitasita miaka na mikaka. Hata ulipofika usiku mmoja wa kiangazi mwaka 1913, anga safi, mwezi haupo. Alikuwa akiipiga picha Njia Nyeupe upande wa kusini alipoona vijiwingu vikipita mbele ya kundinyota la Mshale. Yalikuwa mawingu ya kawaida ya dunia hii, madogo, mengine hayazidi ukubwa wa mwezi, kingo zao zimekatika vizuri, na mbele ya nuru ile ya nyota yalionekana meusi tititi. Yalifanana mno na yale madoa ya kwenye mabamba yake. Mwaka 1919 alipochapisha orodha ya vitu vyeusi 182 vya angani alikisimulia kisa hicho miongoni mwa mambo yaliyomsadikisha kuwa mengi ya madoa hayo si matundu. Ni miili ya giza iliyosimama mbele ya nyota ikizikinga.

Mwalimu alipokumbuka kisa hicho alimpigia binamuye simu.

"Wingu likipita kule Chile, hutokea nini?"

"Kuna kifaa kinachoangalia. Paa linajifunga lenyewe."

"Na wewe?"

"Mimi hurudishiwa pesa zangu."

Mwalimu alikuwa na hakika kwamba ameshinda. Aliwasimulia wanafunzi habari za Barnard kwa bashasha, akaongeza kwamba katika darubini ya kukodi wingu ni hitilafu ya kulipiwa fidia, ilhali kwa Barnard lilikuwa jawabu. Pengine angetangaza papo hapo kwamba pesa zote zitanunua kiegemeo. Ila yule msichana wa kidato cha tatu alikuwa ameshinda Jumamosi nzima maktabani, na alirudi na jina la Henrietta Leavitt.

Leavitt alifanya kazi katika kituo cha falaki cha Chuo Kikuu cha Harvard. Hakuajiriwa kuendesha darubini. Wanawake wa kituo hicho waliajiriwa kupima na kuhesabu. Mabamba ya kioo yalipigwa na wengine kule Arequipa, Peru, yakafungwa vizuri, yakasafirishwa hadi Massachusetts, yakawekwa mezani pake. Juu yake yalikuwamo Mawingu ya Magellan, ambayo hayaonekani kamwe kutoka Massachusetts. Kwa kuyalinganisha mabamba hayo alizitambua nyota 1,777 zinazobadilika mwangaza, akazichapisha mwaka 1908. Na mwaka 1912, kutokana na nyota 25 tu katika moja ya mawingu hayo, alionyesha kwamba nyota za aina fulani zikichukua muda mrefu zaidi kufifia na kung'aa tena, ndivyo nuru yake ya asili ilivyo kubwa zaidi. Kwa kipimo hicho Edwin Hubble, aliyeitambua nyota ya aina hiyo katika Andromeda mwaka 1923, aliweza kuonyesha kwamba Andromeda ni galaksi nyingine, mbali kabisa na hii ya kwetu.

"Mwalimu, huyu hakuwako Peru," msichana alisema. "Hata umande hakuupata. Lakini yeye ndiye aliyeona."

Kuna jambo jingine ambalo msichana hakulisema kwa sauti darasani, akamwambia mwalimu pembeni. Wavulana wa chama huruhusiwa kukaa kiwanjani hadi saa sita ya usiku. Wasichana huitwa bwenini saa tatu unusu, kwa usalama wao, na hivyo usiku ule wa Februari hapakuwa na hata mmoja wao kati ya wale tisa. Picha iliyoshangiliwa na shule nzima ilikuwa imepigwa na nusu ya chama. Mwalimu alisimama kitambo akitafuta la kusema. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa ameisifu anga ya Nanyuki kuwa haina tikiti wala kingilio.

Yamkini hapo ndipo fikira zake zilipoanza kugeuka, japo hakulikiri hilo mara moja. Alianza kujiuliza ni nini hasa yeye mwenyewe alichokiona katika miaka hiyo. Mara ngapi alikuwa ameinama juu ya parafujo, matofali na nyaya hadi alfajiri bila kuinua kichwa? Kuwapo kwake hakukuwa kumemwonyesha mengi kila siku. Barnard hangejua lolote kuhusu madoa yale kama asingeyatoa macho yake kwenye kazi na kutazama juu. Leavitt naye aliyakodolea macho mabamba yale yale kwa miaka. Binamu, ambaye picha zake zilikuwa nzuri kuliko zote, alipoulizwa ule ufa mweusi katikati ya nebula ni kitu gani, alisema hakuwahi kuufikiria. Alikuwa amekwisha kuagiza kitu kingine.

Na bado jambo hilo hutokea leo, kwa njia zote mbili kwa pamoja. Andromeda imepigwa picha na maelfu kwa maelfu ya watu, kwa darubini ndogo na kubwa. Hata hivyo, mwaka 2022 wapenda falaki watatu, Yann Sainty, Marcel Drechsler na Xavier Strottner, waligundua kando yake tao kubwa la gesi ya oksijeni ambalo hakuna aliyekuwa ameliona. Sainty alikuwa na darubini yake nchini Ufaransa, akikusanya nuru usiku baada ya usiku kwa zaidi ya saa mia moja. Uchambuzi ukafanywa kwa ushirikiano na wenzake, kila mtu akiwa kwake. Ugunduzi wao ulichapishwa Januari 2023.

Pesa za chama ziligawanywa. Fundi mmoja wa jua kali mjini Nanyuki, baada ya kuchorewa mara tatu, alichomelea kabari ya chuma ya kukilaza kiegemeo kwa pembe inayofaa, na matofali yakastaafu. Mota mpya ilinunuliwa. Kiasi kilichobaki kiliwekwa kwa ajili ya saa chache za Chile, kwa sharti kwamba kila picha itakayoletwa itachorwa kwanza kwa penseli na wanachama wote kabla ya jina lake kutajwa. Kuhusu saa tatu unusu, mwalimu alikwenda ofisini kwa mkuu wa shule mara nne. Mara ya nne mwalimu mmoja wa kike alijitolea kukesha na wasichana, na ruhusa ikapatikana, Ijumaa moja kwa mwezi.

Ijumaa ya kwanza iliangukia Julai. Binamu alialikwa, akaja na koti jepesi la ofisini. Kufikia saa nne alikuwa amevishwa blanketi la mlinzi. Mshale ulikuwa juu, Njia Nyeupe imejaa, na kwa muda wa dakika ishirini hivi mawingu yaliwaziba wakabaki wameketi tu. Binamu alipewa tochi nyekundu ashike. Aliuliza maswali mengi, aghalabu kuhusu baridi. Picha thelathini zilipigwa, ishirini na tatu zikafaa.

Sasa picha mbili za kundinyota hilo zimebandikwa kwenye ubao wa maabara, moja ya Nanyuki na moja ya Chile. Chini ya ile ya Nanyuki pameandikwa "Imepigwa na", kisha majina kumi na tisa, likiwamo la mlinzi na la fundi wa jua kali. Chini ya ile ya Chile pameandikwa maneno yayo hayo, kisha pakaachwa nafasi. Binamu amekwisha kuombwa mara mbili aijaze. Mara zote mbili amesema ataandika akija tena.